Tumbo la Kiroboto

...na huyu naye anataka kucheka, nimemwona, pembe ya mdomo imetikisika, kanitambua pale mlangoni kama wanavyonitambua wote, mara ya kwanza kaniangalia kama mama wa mgonjwa, mara ya pili kama bango la ukutani, Bi Msokoto mchekeshaji mwenyewe mzima mzima ndani ya chumba chake cha ultrasaundi, halafu akakumbuka yuko kazini na cheko akalimeza, meza baba, meza na maji, leo duka limefungwa... anaminya ile chupa ya jeli na chupa inatoa sauti, shuzi la mkubwa mbele ya wageni, sauti ambayo siku nyingine humwangusha binti yangu Kiroboto kitini kwa kicheko, na leo hata hakuisikia, amelala chali, fulana imepandishwa mpaka kifuani, macho kwenye dari, "baridi," anasema, "najua, binti, pole," anamwambia mpiga picha za tumbo, na mdomo wangu tayari umefunguka kutia neno, lilikuwa limeshaiva ulimini, nimelimeza nalo, kwa hiyo humu ndani tuko wawili tulioshiba vicheko, na wa tatu ni daktari wa watoto, kasimama nyuma ya bega la mpiga picha na mikono mfukoni, mama mfupi mwenye miwani, yeye hana cha kumeza, nadhani alizaliwa bila hicho kiungo, Mungu ambariki... mimi nimewekwa upande wa miguu, nimeambiwa nimshike asiirushe, nami nimeshika, vifundo vyake vimejaa kama mto ulioshindiliwa pamba, na juu yake yale madoa, ya zambarau, kuanzia visigino mpaka makalioni, kana kwamba mtu alimkung'utia kalamu ya wino, ukiyabonyeza hayafifii, sikujua, nani hubonyeza vipele vya mtoto, unavikuna, unavipaka mafuta, unavitukana, kubonyeza alibonyeza huyu mwenye miwani, asubuhi hii, alikunja suruali ya mtoto kabla hajaniuliza jina, akaweka kidole juu ya doa, akaachia, akaweka juu ya jingine, akanyamaza, na mimi vimya navijua, nimekula kwa vimya maisha yangu yote, kuna kimya cha watu wanaojiandaa kucheka na kuna kimya cha mtu aliyekwisha kuelewa, chake kilikuwa hicho cha pili... "tuanze hapa chini kulia," anasema mpiga picha, "ndipo mkunjo unapokaa siku zote," na kile kidude chake kinateleza juu ya tumbo kama sabuni, na kwenye kioo kunatokea ukungu, ukungu na mvua, ndani ya mwanangu kumbe kuna hali ya hewa.

"Hivi ni viroboto," alisema muuza dawa wa pale kona, hata kitini hakuinuka, aliinamisha shingo tu juu ya meza akaitazama miguu ya mtoto, na baba yake akasema kama ni viroboto basi huyu kajing'ata mwenyewe, maana jina lake ni hilo, Kiroboto, toka alipoanza kuruka kabla hajajua kutembea, tukacheka, muuza dawa akacheka, mteja wa nyuma akacheka, tukapewa mafuta ya kupaka, tukaenda zetu na tulirudia mzaha ule nyumbani kwa kila aliyebisha hodi, na mafua aliyokuwa nayo kabla ya hapo, koo kumwasha, kushinda kitandani, hakuna aliyeyaunganisha na chochote, mafua si mafua tu, nani huunganisha pua na kisigino... mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa na ultrasaundi, waliona kwa macho makavu... na kweli nitamlaumu muuza dawa, nitamlaumu sana, nimepanga kabisa nitakavyomwingilia dukani kwake na sauti nitakayoitumia, ile ya chini, maana ya juu wameizoea, lakini muuza dawa alikosea ngozi tu, ngozi ni ya watu wote, tumbo lile lilikuwa la kwetu, tumbo ndilo kazi yetu, ndilo jina langu... jukwaani, mlango unagongwa, baba yake anaingia amejifunga kilemba na ndevu zake zote, yeye ndiye mama mkwe, ana mizigo ya kukaa mwezi mzima, na mimi ghafla, tumbo, msokoto, magoti juu, mkono kitovuni, nazunguka sakafuni kama feni iliyolegea, mama mkwe anageuza na mizigo yake, tumbo linapona, nasimama, najifuta vumbi, mama mkwe kasahau mwavuli, anarudi, tumbo linarudi, linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka, huo ndio utamu wake, lingekaa moja kwa moja watu wangechoka, ni lile pumziko la katikati linalowaua, ule uso mzima wa mtu asiyeumwa kitu... na nyuma ya pazia yuko Kiroboto, toka ana meno mawili, anatazama, na vya kurithi huzidi, akaanza kuugua tumbo siku za kuoga, siku za kazi za shule, siku za kumsalimia shangazi yake mwenye mabusu ya maji, na nyumbani kwetu mtoto hagombezwi kwa hilo, nyumbani kwetu anapewa alama, baba yake ndiye jaji, saba juu ya kumi, magoti yamechelewa, sita, umetuangalia kabla ya kulia, usituangalie... "Hapa hapana kitu," anasema mpiga picha.

Hapana kitu, kasema hapana kitu, pumzi zangu zinashuka mpaka kwenye nyayo, hapana kitu, asante Mungu, na papo hapo, kabla hata asante haijafika, kinakuja kingine, kidogo, kichafu, kinatambaa, yaani itakuwa igizo tena, yaani nimemtoa daktari huyu wodini, nimepiga kelele mapokezi mpaka mlinzi akasimama, na hapana kitu, watarudi wote waje kunicheka, na kuna kipande cha moyo wangu, naapa sikijui kilikotoka, kinataka kiwepo, kinataka wakione, ili tu niwe nilisema kweli, mama gani huyu, mama gani anamwombea mwanawe ugonjwa ili asionekane mwongo... "Usiishie hapo," anasema daktari wa watoto, "hapo ni pa watoto wengine. Kwa wenye ugonjwa huu mkunjo wa utumbo haukai pa kawaida, unakaa juu zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Panda, nenda kushoto, pole pole," na mpiga picha anasema "sawa, daktari," na pembe ya mdomo wake haitikisiki tena, nimeitazama, imekufa... na jana, ni jana tu, tulikuwa chumba cha kule mwanzo wa korido, kwa daktari wa zamu, mimi humwita Daktari Meno maana alikuwa ameshayatoa yote kabla hatujakaa, "shikamoo, Bi Msokoto," "marahaba, mwanangu," "leo mama mkwe kaja?" na mimi, na hapa ndipo ninapotaka kuung'ata huu ulimi mpaka utoke, mimi nikamjibu, "kaja na mizigo," maana mtu akikutupia mpira unaudaka, mikono inadaka yenyewe, hujaiuliza, nikasikia kile kicheko chake, kicheko kizuri, cha tumboni, cha mtu aliyechoka na zamu, na nikafurahi, niko na mtoto mgonjwa mapajani na nikafurahi kama nimepewa maua, ndipo nikasema daktari, huyu tumbo linamuuma kweli, linakuja na kuondoka, na neno lile kweli likatoka kinywani mwangu likiwa na kilemba na ndevu, hakuna aliyelijua, hata mimi nililisikia likichekesha, "linakuja na kuondoka," akarudia Daktari Meno huku anajifuta macho, "basi hebu, binti, tuonyeshe linavyouma," na Kiroboto, ambaye wakati ule tumbo lilikuwa limeondoka, lilikuwa limempa lile pumziko la katikati, Kiroboto ambaye amefundishwa kwamba ukiombwa hukatai, akashuka mapajani kwangu na ile miguu iliyovimba, akalala sakafuni, akaonyesha, magoti, mkono, mzunguko, tena akatia na kajicho kidogo mwishoni, Daktari Meno akaita wauguzi, "njooni muone, maji hufuata mkondo," wakajaa mlangoni, wakapiga makofi, na suruali yake ndefu haikukunjwa na mtu, madoa yote yalikuwa mle ndani, yamekaa kimya kama wezi, tukapewa dawa ya minyoo, na baba yake kwenye ngazi akasema kumi, leo kumi juu ya kumi, sijawahi kumpa mtu, na yule mtoto akatabasamu... alitabasamu, halafu akashika ukuta.

"Simama. Rudi kidogo," anasema daktari. Kidude kimesimama. Mwanangu ameanza, naisikia kwenye miguu kabla haijafika usoni, vidole vinajikunja, misuli inakaza, linakuja, "tulia kidogo, binti, usisogee, tukamate picha nzuri," anasema mpiga picha, na anatulia, anatulia mtoto wa miaka sita na tumbo linamsokota, amefunga midomo, jasho limetoka juu ya mdomo kama masharubu, hivi hivi ndivyo nilivyomkuta asubuhi, mlango wa bafu ulikuwa na mwanya, nilikuwa napita tu na kikombe changu cha chai, nikamwona, amechuchumaa kwenye kona kati ya ndoo na ukuta, ngumi nzima ameitia kinywani, anajitikisa, hatoi sauti, mkono wa kushoto uko popote tu, magoti popote tu, hamna mpangilio, hamna uso, hamwangalii mtu maana hamna mtu, na hapo nikaelewa, si kwa elimu, sina elimu ya matumbo ya kweli, nina ya uongo tu, lakini hiyo ninayo yote, na somo lake la kwanza ni kwamba hakuna anayeigiza kwenye bafu tupu, mchekeshaji haumwi peke yake, hata wazimu wetu unataka viti vya mbele... nikasukuma mlango, akanitazama, akatoa ngumi kinywani, na unajua alifanya nini, aliurudisha mkono kitovuni, aliupanga, kwa sababu nimeingia, kwa sababu juzi sebuleni alisema "mama, tumbo," baba yake bila kuinua macho akasema nane, umetia na jasho, tunaendelea vizuri, na mimi nikasema mkono, mwanangu, mkono wa kushoto umeusahau, na akaurekebisha, utumbo wake ulikuwa unaingia ndani ya utumbo na yeye akarekebisha mkono... na chooni kulikuwa na damu, si nyingi, kama ute, kama jamu, nikamfunika na khanga iliyokuwa mlangoni, nikatoka, baba yake anapiga mswaki, nikamwambia washa gari, akasema na povu mdomoni "tumbo lile lile?", nikamwangalia, akatema.

"Ona," anasema daktari wa watoto, anaonyesha kioo kwa kalamu, haniambii mimi, anamwambia mpiga picha, lakini nami nina macho, katikati ya ule ukungu kuna duara, na ndani ya duara kuna duara, nzuri, nadhifu, kama kitu kilichotengenezwa makusudi, "na urefu wake?" "mrefu, daktari, huu hautajitoa," "weka rangi, tuone damu inapita," na kioo kinawaka vinukta vyekundu na vya buluu, vichache, pembeni, na sijui vichache ni vichache au vichache ni vya kutosha, nasoma uso wake kama ninavyosoma ukumbi, safu kwa safu, na ukumbi hauna kitu, "mama," ananiambia, sasa ni mimi, "mishipa yake midogo ya damu imevimba, inavuja. Kwenye ngozi inavuja tunaona madoa. Tumboni inavuja hatuoni, ukuta wa utumbo unavimba, palipovimba panavutwa, kipande kinaingia ndani ya kipande kingine, kama soksi inavyojiingia ukiivua vibaya," "ndiyo," nasema, "watoto wengine tunapuliza hewa kutokea nyuma, inausukuma mkunjo, unatoka. Kwake mkunjo uko mbali, hewa haifiki huko. Dawa ya kutuliza uvimbe nitampa, itasaidia mishipa, lakini kukunjua haikunjui. Nimemwita mpasuaji, yuko njiani kuja. Akikuta kipande bado kina uhai atakichomoa tu kwenye kile kingine na kukirudisha mahali pake. Kikiwa kimekufa atakikata aunge," anasubiri nitikise kichwa, "na baadaye figo," anaongeza, "mkojo wake tutaupima kwa miezi, hata akipona tumbo, nitakutafuta nyumbani usipokuja," na kwa kweli namwamini kwamba atanitafuta... kwa hiyo umeuona, daktari, umeona nilisema kweli, niliyoyataka nimeyapata, niko ndani ya chumba chenye watu wazima wawili na hakuna anayecheka, nimeaminiwa, mara ya kwanza tangu nianze kupanda majukwaa nimesema kitu na watu wakakichukua kilivyo, na ningeutoa ulimi huu, na jina, na kila kiti kilichowahi kujaa, mmoja wenu acheke, wewe, mpiga picha, ulikuwa nacho kicheko pale mlangoni, nilikiona, kilikuwa pembeni hapo, kitoe, hata Daktari Meno aitwe aje na wauguzi wake wote, aje aseme minyoo, nitampigia makofi mimi, nitamlipua kwa makofi, lakini mpiga picha anafuta kioo chake kwa kitambaa na hanitazami, na nyuma ya mlango nasikia viatu vya baba yake vinakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hawajamruhusu kuingia, mzazi mmoja tu, yeye bado hajui, yule bado yuko kwenye dunia ya alama.

Linaondoka. Nalisikia likiondoka, vidole vya miguu vinafunguka kimoja kimoja, misuli inalegea mikononi mwangu, anashusha pumzi na anageuza kichwa, anamtazama daktari, anamtazama mpiga picha, anawasoma, safu ya kwanza, safu ya pili, kazi yangu hiyo, nimemfundisha mimi, na uso wake unapata yale mashaka ya msanii mdogo ambaye igizo lake halikwenda, "mama," ananong'ona, "mbona hawacheki?" na nasikia neno linapanda, linakuja mbio, lina miguu, lina kilemba, ningelitoa angecheka na mimi ningecheka na mpasuaji akija angetukuta tunacheka, nalishika shingo pale pale kooni, "kwa sababu wanakuamini," nasema, sauti inatoka kama ya mtu mwingine, nyembamba, haina mafunzo, na yeye analifikiria hilo, analizungusha, kidude bado kiko juu ya tumbo lake, jeli imeanza kukauka pembeni, duara bado liko kwenye kioo, halijapungua, halijaongezeka, "na wewe je?" ananiuliza... si kwa lawama, anauliza tu, kama anavyouliza kama kesho kuna shule, na mimi nimeshika miguu yake na sina mkono wa kuuweka popote, sina pumziko la kuchezea, sina wa kumtazama pembeni, watu wale wawili wanatusikiliza au hawatusikilizi, sijui, sijali, ni mara ya kwanza sijali, "ndiyo," nasema, "linakuuma, mwanangu. Likirudi lia tu, lia unavyotaka," na linarudi, nalisikia kwenye vidole, na mkono wake wa kushoto unaanza kwenda kitovuni kujipanga, unafika nusu, unaachia, unaanguka pembeni mwa kitanda popote tu, na anafungua kinywa na analia, vibaya, bila mpangilio wowote, na mimi nashika miguu.